Sahihi ya Saa Nne Usiku

Hojaji iliyojazwa usiku inajitambulisha yenyewe. Pembeni ina duara la maji mahali chupa ilipowekwa. Ukurasa wa kwanza majibu yametulia. Wa pili, alama za tiki zimeshuka mstari mmoja kutoka swali la 6 hadi la 10, zote kwenye kisanduku cha kati, na sahihi iliyotakiwa kukaa juu ya vitone imeteremka hadi kwenye namba ya ukurasa. Aliyeisaini ana miaka 21, yuko mwaka wa tatu, na kesho asubuhi huenda asikumbuke kwamba aliwahi kuulizwa lolote.

Ulevi wa wanafunzi ni mada inayopendwa na wanaofanya mradi wa mwisho katika uuguzi, afya ya jamii na sosholojia hapa Mombasa. Sababu inaeleweka: watafitiwa wako mlango wa pili, nauli haihitajiki, na msimamizi hana pingamizi. Mwanafunzi amebakiwa na wiki sita na lengo lake ni watu 300. Anapiga hesabu ya haraka: wanywaji wanapatikana wapi kwa wingi? Hosteli za Tudor na Kisauni wiki ile mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umeingia. Mangweni, kwenye vilabu vya mnazi. Mtwapa Ijumaa usiku. Anabeba fomu 50 na kalamu 10, anaanza kugawa. Kosa liko hapo, na ni kosa ambalo majaji wa Nuremberg, Ujerumani, walilieleza mwaka 1947 walipowahukumu madaktari wa Kinazi.

Tuwekane sawa kabla ya kuendelea. Mwanafunzi anayegawa hojaji mangweni si daktari wa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, na anayemfananisha hivyo anawadharau waliouawa. Tunachochukua kutoka kule ni kanuni, kwa sababu kanuni tunazotumia leo zilizaliwa katika kesi ile.

Kesi ya madaktari ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1946 mbele ya majaji wa Marekani. Washtakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa madaktari. Agosti 1947 watu 16 walipatikana na hatia, na 7 wakanyongwa Juni mwaka uliofuata. Ndani ya hukumu majaji waliweka kanuni 10 za majaribio kwa binadamu. Ya kwanza inasema ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa, na wanafunzi wengi wanainukuu hadi hapo na kuweka nukta. Kumbe kanuni hiyo ni ndefu. Inataka mtu awe na uwezo wa kukubali, awe huru bila kulazimishwa, kudanganywa wala kubanwa, na awe na ujuzi wa kutosha wa jambo lenyewe. Halafu inamaliza kwa sehemu ambayo mapendekezo mengi ya utafiti huiruka: wajibu wa kuhakikisha ubora wa ridhaa uko juu ya kila mmoja anayeanzisha, anayeongoza au anayeshiriki katika jaribio, na haukabidhiwi mtu mwingine. Yaani ukimpa rafiki fomu 50 akusambazie kwa shilingi 20 kila moja, kosa lake ni lako.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana darasani. Ujerumani ilikuwa na mwongozo wa serikali wa Februari 1931 uliotaka ridhaa ya mgonjwa kabla ya tiba mpya au majaribio. Karatasi ilikuwapo. Miaka 11 baadaye wafungwa walikuwa wakitumbukizwa katika maji ya barafu. Kwa hiyo mtu akituonyesha bunda la fomu zilizosainiwa kama ushahidi kwamba ridhaa ilipatikana, swali letu la kwanza ni: zilisainiwa saa ngapi?

Saa ina maana kwa sababu pombe inahesabika. Mililita moja ya pombe safi ina uzito wa gramu 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe, karibu gramu 20. Robo, yaani mililita 250 za kinywaji kikali cha asilimia 40, ina gramu 79. Mzinga wa mililita 750 una gramu 237. Ini la mtu huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina haraka: kahawa ya tangawizi hailiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala supu ya pweza. Sasa chukua kijana aliyeanza robo yake saa tatu usiku akaimaliza peke yake. Damu yake haitakuwa safi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na huenda ikafika saa mbili asubuhi na ushei. Aliyekunywa nusu mzinga anaweza kufika saa nane mchana bado anayo. Ndiyo maana hata fomu za saa mbili asubuhi, ambazo msimamizi huziona salama kwa kuwa jua limechomoza, si za kuaminika.

Muda unaofaa ni kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni, siku ya katikati ya juma. Sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, kwa hiyo wakati huo wengi wameshamaliza ya jana na hawajaanza ya leo. Jumamosi na Jumapili baa hufunguliwa saa nane mchana, ziache.

Mnazi una hesabu yake. Utomvu huanza kuchachuka pale pale kwenye kibuyu cha mgema, na ndani ya saa mbili hivi unaweza kufika asilimia 4. Ule wa asubuhi ni mtamu na hauna nguvu. Wa jioni ni mwingine kabisa, na ukilala hadi kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hiyo swali la "vikombe vingapi?" halina jibu mpaka uulize pia "vya saa ngapi?"

Kuna kuzima kwa namna mbili, na watafiti wasio na uzoefu wanaijua moja tu. Ya kwanza ni mtu kulala asiamke. Ya pili ni mtu aliye macho, anazungumza, anacheka, anakumbuka nyimbo za zamani, analipa bili, huku ubongo umeacha kuandika kumbukumbu mpya. Hutokea hasa pale pombe inapopanda kwa kasi, kwa mfano mtu amekunywa kinywaji kikali harakaharaka na tumbo tupu. Kwa nje huwezi kumtambua. Atakuuliza maswali ya maana kuhusu utafiti wako, atasaini vizuri tu, na kesho hatakuwa na habari. Huyu ndiye anayevunja hoja ya "lakini alionekana yuko sawa."

Njia ya kupima uwezo wa mtu si kumnusa. Ni kumwomba akurudishie maneno yako. Baada ya kueleza utafiti, weka fomu chini, usimpe kalamu bado, kisha uliza taratibu: "Dada, hebu niambie kwa maneno yako, haya ninayofanya ni ya nini?" Halafu: "Ukikataa sasa hivi, utapoteza nini?" Mwisho: "Ukishajaza, nani ataisoma?" Anayejibu, "Sipotezi kitu, naweza kuondoka," ameelewa. Anayesema, "Lete bwana nisaini tumalize," hajaelewa, au ameelewa na hataki lakini anakuonea haya. Huyu wa pili, kwa hali zote mbili, mshukuru uende zako. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakimnasi yule aliyezima akiwa macho, kwa sababu papo hapo anaelewa. Shida yake ni baadaye. Kinga yake ni saa tu.

Wengine hutuletea wazo la kununua kipima pumzi, Alcoblow kama polisi wanavyotumia barabarani, ili wawapime washiriki kabla ya kuwauliza. Linaonekana la kisayansi. Lakini kifaa kinataka urekebishaji wa mara kwa mara, mtu lazima akae dakika 15 tangu tone la mwisho kwa kuwa pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba, na kibaya zaidi, umetengeneza rekodi mpya ya siri ya mtu ambayo hukuwa nayo. Panga saa vizuri, hutakihitaji.

Kwenye uhuru wa kukubali, makosa ni madogo madogo na yana sura ya wema. "Nikununulie moja, unijazie?" Hiyo haiwezekani: unamnywesha mtu unayemtafiti kuhusu kunywa, na jibu la swali la kiasi umelibadilisha kwa mkono wako. Soda au muda wa maongezi wa kiasi kidogo unatosha, na uwe sawa kwa wote, hata aliyeacha katikati. Kosa la pili ni mhadhiri anayegawa hojaji darasani kisha anasimama mbele akingoja. Hajamlazimisha mtu, lakini nani atarudisha karatasi tupu kwa yule atakayesahihisha mtihani wake? Mhadhiri atoke nje. Kiongozi wa darasa naye asikusanye, maana anajua mwandiko wa kila mmoja.

Jinsi cheo kinavyofunga mdomo wa mwanafunzi, mfano mbaya kuliko yote uko katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani. Mwaka 1945 marubani na askari wa anga wa Marekani, wafungwa wa vita, walipasuliwa wakiwa hai katika chumba cha anatomia. Kati ya yaliyofanywa, walitiwa maji ya bahari mishipani kuona kama yanaweza kuchukua nafasi ya damu. Aliyeongoza alikuwa profesa, na wanafunzi wa udaktari walikuwamo chumbani. Mwaka 1948 watu 23 walitiwa hatiani huko Yokohama. Fikiria ungekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, profesa wako anakwambia shika hiki. Utamwambia nini?

Maji ya bahari yanatupeleka kwenye kanuni nyingine ambayo kwetu pwani haihitaji mhadhiri. Mwaka 1944 huko Dachau wafungwa wa jamii ya Waroma, wanaoitwa pia Majipsi, walinyimwa chakula cha kawaida na kunyweshwa maji ya bahari. Kulikuwa na njia mbili za kuyatengeneza kwa ajili ya marubani walioanguka baharini: moja iliondoa chumvi kweli, nyingine iliitwa Berkatit na ilificha ladha tu. Mvuvi yeyote wa Likoni angewaambia kwamba chumvi iliyofichwa ladha bado ni chumvi, na mkemia angelithibitisha mezani bila kumgusa mtu. Kanuni ya pili ya Nuremberg inataka jaribio lilete matokeo yenye manufaa kwa jamii na yasiyoweza kupatikana kwa njia nyingine. Sasa angalia kichwa cha mradi wako. Kama ni "Je, wanafunzi wa vyuo vya Mombasa hunywa pombe?", jibu unalo kabla hujachapisha fomu. Utasumbua watu 300, utawaomba siri zao, kwa jambo linalojulikana na kila dereva wa tuktuk. Uliza kitu kisichojulikana: wananunua nini baa zikishafungwa, nani humwangalia aliyezima, kwa nini rafiki zake waliogopa kumpeleka hospitali.

Chombo tunachopendekeza ni AUDIT, hojaji ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji wa pombe. Ina maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari. 20 na zaidi mtu anahitaji kuchunguzwa kama amekuwa mtegemezi wa pombe. Tatizo ni neno "kinywaji kimoja". Katika AUDIT ni gramu 10 za pombe. Katika Kiswahili cha hosteli ni chochote kilicho mkononi. Bia moja ya nusu lita ni vipimo viwili. Marafiki wanne wakigawana mzinga sawasawa, kila mmoja amekunywa karibu vipimo 6, na amefika kiwango cha swali la 3 la "vinywaji 6 au zaidi kwa mkao mmoja", huku akiapa kwamba alionja tu. Chora vyombo: chupa ya bia, robo, mzinga, kikombe cha mnazi, na andika idadi ya vipimo chini ya kila mchoro. Usipochora, wastani wako hauna maana.

Angalia kalenda pia. Ukikusanya Ramadhani, utaandika kwamba pombe imekwisha Mombasa. Ukikusanya wiki ya mkopo, utaandika kwamba mji mzima umelewa. AUDIT huuliza kuhusu mwaka uliopita, lakini watu hujibu kwa hali ya juma hili.

Na zile hojaji zenye duara la chupa ambazo tayari unazo? Zitupe. Huu ndio mjadala mkali kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi ametembea, ametumia pesa, na anaona takwimu ni takwimu. Wakubwa wake waliwahi kubishana hivyo hivyo. Mwaka 1988 Robert Pozos, mtafiti wa baridi ya mwili huko Minnesota, alitaka kutumia vipimo vya Dachau, ambako Sigmund Rascher na wenzake waliwatia wafungwa katika maji ya barafu mnamo 1942 na 1943. Hoja yake ilikuwa kwamba vingeokoa maisha ya watu wanaozama. Mhariri wa New England Journal of Medicine alikataa kuvichapisha. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilo hilo, Robert Berger alizipitia rekodi zenyewe na kuonyesha kwamba hazijakamilika, zinapingana, na haziwezi kutegemewa hata mtu akiweka maadili kando. Katika fomu za pombe huliona hilo kwa kiwango kidogo: ule mstari wa tiki za kati ni uongo wa mtu aliyetaka kurudi kwenye meza yake. Aliyekosa uwezo wa kukubali alikosa pia uwezo wa kujibu.

Siri hapa kwetu ina uzito wake. Kijana anaweza kuwa mtoto wa ustadhi, anaishi kwa shangazi Majengo, na "ndiyo" yake kwenye swali la kwanza ni kukiri dhambi kwa maandishi. Fomu ya ridhaa yenye jina na sahihi, ikiwekwa bahasha moja na hojaji, ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika utafiti huu. Iombe kamati ya maadili ikuruhusu ridhaa ya mdomo: unasoma maelezo, unauliza yale maswali matatu, na wewe ndiye unayetia sahihi kwamba alikubali, pamoja na tarehe na saa. Hojaji ina namba tu. Mpe mshiriki kikaratasi chenye namba hiyo hiyo. Wewe usiandike popote namba ipi ni ya nani. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, kiwe kimetoka kabla ya fomu ya kwanza, na kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, kwa hiyo picha za hojaji usizirushe kwenye WhatsApp.

Baadhi ya wa mwaka wa kwanza wana miaka 17. Ukitaka ridhaa ya mzazi umeshamfichua mtoto. Waache nje ya utafiti. Umri uwe swali la kwanza kabisa, kabla ya pombe kutajwa.

Ikitokea umefika chumbani na mtu amelala sakafuni, utafiti umekwisha kwa siku hiyo. Kanuni ya 10 inasema mtafiti awe tayari kusimamisha kazi akiona dalili ya madhara. Mwite jina, msugue mfupa wa kifua. Asipoamka, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kiganja chini ya shavu, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Usimpe kahawa, usimtapishe, usimpeleke bafuni. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: chini ya 8, au nafasi ya zaidi ya sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, ni hospitali sasa hivi. Kwa ngozi nyeusi usitafute ubuluu usoni. Tazama midomo, ufizi na kucha. "Mwacheni alale" ni neno baya, kwa kuwa pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu baada ya chupa kuwekwa chini. Piga 999 au 112, na mtu mmoja abaki naye. Na mtu akilalamika siku ya pili kwamba anaona ukungu, hiyo huenda ni methanoli ya pombe haramu, kama ile iliyoua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine Mei 2014. Dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na dawa yake iko hospitali tu. Kwa anayetaka kuacha, namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bila malipo; iandike nyuma ya kile kikaratasi.

Kikaratasi hicho kina kazi nyingine. Kanuni ya 9 inampa mshiriki haki ya kujitoa, na wachache hurudi kweli, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, wakiwa wameshafikiria. Atakuja mlangoni bila kutaja jina, atakuonyesha namba. Toa bahasha, tafuta hojaji, mwache aitazame kuhakikisha ni yake, kisha mpe aichane mwenyewe. Katika daftari andika namba na neno "amejitoa". Usimuulize sababu. Kama uliahidi watu 300 na sasa wako 299, andika 299.